Kachaguliwa vyuo vitatu, Oktoba yuko nyumbani: huu utaratibu wa kuthibitisha udahili unaumiza vijana

Wakuu, hili lisemwe kabla madirisha ya kuomba vyuo vikuu hayajafunguliwa tena.

Kila msimu tunatangaziwa nafasi za shahada ya kwanza zilizopo na maelfu waliochaguliwa. Sawa. Lakini aliyechaguliwa siyo aliyesajiliwa, na katikati hapo kuna shimo ambalo vijana wanatumbukia kila Septemba.

Tangu udahili wa 2017/18, ule mfumo wa pamoja wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ulipowekwa kando, mwombaji anaomba moja kwa moja kila chuo. Vingi vinatoza 10,000 kwa fomu. Mtu anaomba vitatu au vinne kwa kuogopa kukosa. Mwenye ufaulu mkubwa anachaguliwa kote, na jina lake linashikilia viti vitatu mpaka athibitishe kimoja. Mwenzake mwenye sifa zote anaambiwa nafasi zimejaa, asubiri awamu ya pili. Na awamu ya pili inafunguliwa wakati watu wa awamu ya kwanza bado wanathibitisha! Viti havijaachiwa, yeye anaombaje? Anabahatisha, na anatoa hela nyingine ya fomu.

Sasa njoo kwenye namba maalum ya siri. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba hiyo kwa SMS au barua pepe aliyoijaza wakati wa kuomba. Anaingia kwenye akaunti yake ya chuo anachokitaka, anaiweka, anathibitisha. Kwenye karatasi ni kazi ya dakika tano. Lakini fomu ilijazwa na nani? Matokeo ya kidato cha sita yanatoka Julai na dirisha linafunguliwa siku chache baadaye, wakati vijana wengi wako JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Waliripoti mwanzoni mwa Juni, mafunzo ni miezi mitatu, simu mkononi hawana. Fomu inajazwa na shangazi au na kijana wa steshenari. Yule wa steshenari ana foleni hadi barazani, mfumo unamgomea mpaka barua pepe ijazwe, anaweka ya kwake. Na namba ya simu anaweka ya laini iliyopo mezani, ili namba ya malipo iingie haraka alipie, ahudumie mwingine.

Septemba namba ya siri inaingia kwenye simu ya mtu ambaye hata jina la mwombaji kalisahau. Kijana katoka kambini, kaona jina lake kwenye orodha, familia imefurahi, ameanza kutafuta godoro. Hakuna aliyemwambia kwamba kuchaguliwa vyuo viwili bila kuthibitisha ni sawa na kutochaguliwa. Akishtuka anaambiwa aingie kwenye akaunti aombe kutumiwa namba upya. Upya wapi? Kwenye laini ileile! Na nenosiri analo yule yule wa steshenari. Inabaki kupiga simu ofisi ya udahili, wiki ambayo kila mtu anapiga. Mkopo nao unafuata chuo: HESLB (Bodi ya Mikopo) inapanga kwa awamu, na asiye na chuo kilichothibitishwa anabaki nje ya orodha huku tarehe ya kuripoti inakaribia.

Kuna na hili la sifa za chini, linalofanya watu wachome hela za fomu. Principal mbili (masomo mawili ya kidato cha sita yenye ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. D na D inafika, C na E inafika, D na E ni 3, haifiki, na S (ufaulu ulio chini ya E) haikuokoi. Hiyo ni ya kukuruhusu kuomba tu. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, D kila somo, pointi 6. Mwenye D tatu kamili anaruhusiwa kuomba, anashindana na wenye A. Vyuo viweke wazi pointi za wa mwisho aliyechaguliwa mwaka jana kwa kila programu, watu wajipime kabla ya kulipa.

Tunachodai kinawezekana msimu huu huu. Fomu isipokelewe mpaka namba ya simu ihakikiwe kwa SMS papo hapo, na namba moja isitumike kwa waombaji kumi. Awamu ya pili ifunguliwe baada ya kuthibitisha kufungwa. Na tangazo la udahili liwe na safu nne, programu kwa programu: nafasi, waliochaguliwa, waliothibitisha, waliosajiliwa. Safu mbili za kwanza peke yake zinaficha watoto walioachwa.

Mwenye ndugu anayekwenda JKT: fomu ijazwe kwa laini ya mwombaji mwenyewe. Laini hiyo ibaki nyumbani, simu ikiwa na chaji, mpaka Oktoba. Nenosiri liandikwe kwenye daftari la nyumbani, na mtu mmoja afungue zile akaunti kila jioni kuanzia siku orodha inapotoka.