Ilani ya mlangoni ndiyo notisi?

Fundi wa Mbuyuni (Moshi)
Habari zenu wakuu. Nina fremu ya duka karibu na soko la Mbuyuni, nashona sare za shule. Jumatatu asubuhi nimekuta karatasi imebandikwa mlango wa mbele wa jengo, wino mzito: ILANI. Wapangaji wote wahame ifikapo tarehe 30. Haina jina la mtu wala saini. Mama wa viatu, jirani yangu, aliipita siku mbili bila kuisoma akijua ni mambo ya uchaguzi, maana ilani tuliyoizoea huku ni ile ya chama. Mkataba wangu unasema "notisi ya miezi mitatu kwa maandishi". Sasa ilani na notisi ni kitu kimoja? Nina vitambaa vya watoto 40 vimeshakatwa, na wazazi wameshalipa nusu.

Mwalimu mstaafu, Arusha
Pole sana dada. Ilani asili yake Kiarabu, ni tangazo: linatolewa hadharani kwa yeyote apitaye. Notisi imetoka Kiingereza, na kwetu imebana maana: mtu fulani anapewa muda wa kuhesabika kabla jambo halijamfika. Ndiyo maana tunasema "nimempa notisi", "notisi yake imeisha". Hatusemi "ilani yake imeisha". Lakini usishikilie kichwa cha karatasi peke yake. Angeandika ILANI, kisha akakutaja jina na kukupa miezi yako mitatu, mimi ningeiita notisi.

Karani, Ngarenaro
Mwalimu kasema kweli. Kazini ndivyo ilivyo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya maandishi yenye sababu na tarehe. Anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, wa kutwa au wa wiki siku 4, na aliye ndani ya mwezi wa kwanza siku 7. Mwajiri asiyetaka kungoja analipa mshahara badala ya notisi. Ila hiyo ni ya ajira, fremu haimo. Wewe simama na mkataba wako.

Fundi wa Mbuyuni (Moshi)
Asanteni, Mwalimu umenifungua. Nimemwandikia mwenye jengo barua, nimenakili kile kipengele neno kwa neno, mjumbe wetu akasaini kama shahidi. Ameipokea kwa mkono wake. Ile ya mlangoni nimeipiga picha kabla mvua haijailowesha. Naendelea kushona.