Jalada moja la Tintin, matoleo mawili: nitajuaje kama limechorwa upya?

msomaji_kisumu
Wadau, nina kitabu kimoja cha katuni za Tintin kwa lugha mbili: L'Île Noire ya Kifaransa na The Black Island ya Kiingereza, zote za mitumba. Picha ya jalada inafanana, ila rangi ya Kiingereza imekolea zaidi na ukingo wa kulia umekatwa kidogo. Je, ni mchoro mpya au uchapaji tu? Na ipi ilitangulia?

katuni_nakuru
Ndugu, usiamini mwaka ulio ndani. Mara nyingi ni wa haki ya kunakili, si wa kuchapwa. Geuza nyuma usome orodha ya vitabu vya Tintin. Ikiwa Tintin and the Picaros imo, nakala hiyo haikuchapwa kabla ya 1976. Ikiwa orodha inaishia kitabu cha Flight 714, yaelekea ni ya kati ya 1968 na 1976. Kwa ya Kifaransa, tafuta pia maneno "dépôt légal" (uwasilishaji wa nakala kisheria) na tarehe iliyo kando yake.

Kitabu hiki kina historia yake. Kilitoka kama albamu 1938, kikatiwa rangi 1943, kisha kikachorwa upya 1966 kwa sababu mchapishaji wa Uingereza aliorodhesha makosa 131 kuhusu nchi yake. Bob de Moor, msaidizi wa mchoraji Hergé, alitumwa huko kuchora treni, sare na majengo yalivyo. Kwa hiyo linganisha kurasa za ndani pia, usiishie kwenye jalada.

wino_kakamega
Rangi pekee haithibitishi kitu. Nyekundu na njano hupauka juani kabla ya buluu na nyeusi, ndiyo maana jalada lililokaa dirishani huonekana la kibuluu. Tazama mgongo: ukiwa umepauka kuliko mbele, ni jua.

Skani zote mbili kwa skana moja, nukta 300 kwa inchi. Mwambie wa saiba azime urekebishaji wa rangi wa kiotomatiki. Ukiachwa, kila nakala hurekebishwa kivyake na ulinganisho umeharibika. Weka karatasi nyeupe ileile kando ya kila jalada. Kisha kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, pandisha picha moja juu ya nyingine, ya juu iwe na uwazi wa asilimia 50 ili ya chini ionekane. Linganisha kwa nukta mbili zilizo mbali, tuseme jicho la Tintin na ncha ya mnara, ukibadilisha ukubwa hadi zote zikae. Mistari mingine ikikaa pia, mchoro ni uleule, umekatwa tu. Ikionekana maradufu hapa na pale, umechorwa upya.

katuni_nakuru
Naongeza: jalada lisilolala bapa kwenye kioo hupinda mistari karibu na mgongo. Usihukumu sehemu hiyo.