Gari la umeme au la haidrojeni, kabla ya kodi ya maili kuanza

Kutoka: Dada, Reading, Uingereza. Jumapili, 1 Februari 2026

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Gari langu la petroli limechoka. Tangu Desemba limekwenda kwa fundi mara tatu, na MOT yake, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ni mwezi wa nne, sidhani kama litapita. Nafanya zamu kwenye hospitali mbili, kwa mwaka naenda kama maili 10,000. Nilishaamua kununua la umeme lililotumika, mara nikasikia habari ya kodi ya maili, ya kulipia kila maili gari la umeme linayokwenda, kuanzia 2028. Mwenzangu kazini, gari lake la umeme la 2019 alikuwa halilipii kodi ya gari ya mwaka, na sasa amelipa pauni 195. Binamu yangu ananiambia niachane na umeme nitafute la haidrojeni, maana serikali inawaandama wenye umeme peke yao.

Nyumba tumepanga, ni zile za kuungana, mlango unafungukia barabarani. Hatuna pa kuegesha ndani. Naombeni mwenye uzoefu anieleze kwa hesabu, maana maneno ya mitandaoni yamenichosha.

Kutoka: Kaka, Croydon. Jumapili usiku

Dada, pole na gari.

Mimi ni dereva wa teksi mtandao London, na gari la umeme ninalo mwaka wa tatu. Kwetu hiari haikuwa kubwa: tangu Januari 2023 gari linaloandikishwa mara ya kwanza kwa kazi hii hapa London lazima liweze kutembea bila kutoa moshi. Kwa hiyo kodi hizi nazifuatilia kama mama anavyofuatilia bei ya unga.

Nianze na la binamu. Gari la haidrojeni nalo ni la umeme, ila umeme wake linautengeneza lenyewe, kutokana na gesi iliyo kwenye tangi. Kwa DVLA, ofisi ya usajili na kodi za magari, yote mawili yamo kapu moja. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 jipya la aina yoyote kati ya hayo linalipa pauni 10 mwaka wa kwanza, kisha kiwango cha kawaida cha kila mwaka, ambacho kwa 2025/26 ni 195. Yaliyosajiliwa kuanzia Aprili 2017 hadi Machi 2025, kama la mwenzako, yaliingizwa moja kwa moja kwenye 195. Ya nyuma ya hapo ni pauni 20 tu. Ukipata Nissan Leaf ya 2016 ambayo betri yake bado ina nguvu, hapo pana nafuu, ila betri za miaka ile hazifiki mbali, na wewe una hospitali mbili. Kwenye kodi hiyo ya mwaka, msamaha wa haidrojeni anaousema binamu haupo.

Na hata ungekuwepo, gesi ungejaza wapi? Kituo kilichokuwa jirani na wewe kilikuwa Beaconsfield, kwenye M40. Shell walikifunga 2022, pamoja na vya Gatwick na Cobham.

Sasa kodi ya maili. Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, aliitangaza kwenye bajeti ya Novemba 2025: peni 3 kwa maili kwa gari la umeme, peni 1.5 kwa haibridi ya kuchomeka (yenye injini ya petroli na betri ya kuchaji), kuanzia Aprili 2028. Wewe wa maili 10,000 ni pauni 300 kwa mwaka. Zinatisha, najua. Lakini weka kando yake ushuru wa mafuta unaoulipa leo bila kuuona. Ni peni 52.95 kwa kila lita. Gari linalokwenda maili 40 kwa galoni litakunywa lita 1,136 kwa maili hizo, na ushuru wake peke yake unapita pauni 600, kisha VAT inatozwa juu ya ushuru huohuo. Maana yake hata 2028 ikifika, kwa kila maili utakuwa unalipa nusu ya unayolipa sasa. Na hakuna kifaa kitakachofungwa kwenye gari kukufuatilia, kama wengine wanavyosambaza WhatsApp. Utakadiria maili zako, utalipa pamoja na kodi ya gari, na mita itasomwa kwenye ukaguzi.

Jambo jingine: hospitali nyingi zina mpango wa kukodisha gari jipya kwa kukatwa mshahara kabla ya kodi. Kwa gari lisilotoa moshi unahesabiwa kodi kwa asilimia 3 tu ya bei yake mwaka huu wa kodi, 4 kuanzia Aprili, na itapanda hadi 9 mwaka 2029/30. Ni nafuu ya kweli. Ila mshahara wako wa kwenye karatasi unashuka, na pensheni inashuka nao. Kama bado uko kwenye viza ya kazi, usitie sahihi kabla hujazungumza na ofisi ya ajira ya hospitali.

Kutoka: Mjomba, Sacramento. Jumatatu

Mwanangu, la haidrojeni nimeishi nalo miaka mitatu hapa California, kwa hiyo nisikilize.

Gari lenyewe zuri mno. Kimya, laini, unajaza kwa dakika tano kama petroli. Nilipolichukua nilipewa kadi ya mafuta ya dola 15,000, nikamshukuru Mungu. Kisha bei ya gesi ikaanza kupanda mpaka kilo moja ikafika dola 36. Tangi langu linabeba kilo 5 na nusu, yaani dola kama 200 kwa safari isiyofika maili 400. Kadi ikayeyuka.

Bei ningeivumilia. Kilichonishinda ni pampu. Haidrojeni inaingizwa kwa mgandamizo mkubwa ikiwa imepoozwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Magari matatu yakijaza mfululizo, mdomo wa pampu unaganda barafu na kung'ang'ania gari lako, unakaa hapo unasubiri uyeyuke. Siku nyingine unafika, pampu mbovu. Ya pili mbovu. Mke wangu alikuwa akifanyiwa dayalisisi mara tatu kwa wiki. Asubuhi moja nilizunguka mji mzima nikitafuta gesi na yeye amekaa kiti cha nyuma, anatazama saa, hasemi neno. Wiki ile ile nikaliuza, kwa bei ambayo sitaki hata kuitaja.

Kuhusu kodi, huku jimbo linatoza ada ya barabara tangu Julai 2020, ilianza dola 100 kwa mwaka na inapanda na gharama za maisha. La betri na la haidrojeni yanalipa sawasawa.

Swali ambalo nilipaswa kuliuliza kabla ya kununua ni kwa nini gesi ile ni ghali. Fundi mmoja alinieleza nikaelewa. Umeme unautumia kupasua maji upate haidrojeni, unaigandamiza, unaisafirisha, kisha gari linaigeuza tena umeme. Ni sawa na mahindi yako kupita mashine nne, na kila mwenye mashine anachota kibaba chake. Mwisho kinachofika kwenye tairi ni kama theluthi. Betri inakufikishia zaidi ya robo tatu ya ule umeme. Na haidrojeni nyingi duniani haitokani na maji hata kidogo, inatokana na gesi asilia.

Kutoka: Dada, Oslo. Jumatatu jioni

Naunga mkono. Huku haidrojeni ilipata pigo pale Sandvika, nje kidogo ya Oslo, kituo cha kujazia gesi hiyo kilipolipuka Juni 2019. Mwaka jana karibu magari yote mapya yaliyouzwa Norway yalikuwa ya umeme. Na kadiri yalivyoongezeka, misamaha imepunguzwa moja baada ya nyingine: VAT ilirudi mwaka 2023 kwa kiasi cha bei kinachozidi kroni 500,000. Iceland walitangulia kwenye kodi ya umbali, Januari 2024, kroni zao 6 kwa kilomita, umeme na haidrojeni kiwango kimoja. Usinunue gari kwa ajili ya msamaha, dada. Unaweza kuisha kabla hujamaliza mkopo.

Kutoka: Mzee, Leicester. Jumanne

Wanangu, mimi naona kodi hii ya maili ni ya haki. Ushuru wa mafuta unaiingizia serikali kama pauni bilioni 24 kwa mwaka, na fedha hizo zinakwisha kadiri watu wanavyohama petroli. Barabara hizi tunazitumia sote, na hospitali anakofanya kazi binti yetu inaendeshwa kwa kodi hizi hizi. Anayeenda sana alipe zaidi. Tusizoee kulalamika kila tunapoambiwa tuchangie.

Kutoka: Kaka, Croydon. Jumanne usiku

Shikamoo mzee. Peni 3 sina ugomvi nazo. Ninayo kodi nyingine inayoniuma, na inatuuma sisi zaidi ya wengine, nayo hata bungeni haipewi uzito unaostahili.

Umeme wa nyumbani una VAT ya asilimia 5. Umeme wa chaja ya barabarani una asilimia 20. Gari la umeme la kawaida linakwenda maili 3 na nusu kwa yuniti moja, kwa hiyo maili 10,000 za dada ni yuniti 2,857. Jirani mwenye uwanja wake anachaji usiku kwa peni 7 na nusu: mwaka mzima pauni 214, na VAT ndani yake ni pauni 10. Mimi naishi fleti ghorofa ya tatu, nategemea chaja za kasi za peni 75. Yuniti zile zile ni pauni 2,143, na VAT peke yake ni pauni 357. Petroli ya umbali huo ingekuwa kama pauni 1,500! Mwenye nyumba analipa 10, mpangaji analipa 357, kwa umeme ule ule, barabara ile ile. Na wapangaji ndio sisi, mzee, tuliokuja na sanduku moja. Ukichukua peni 3 ukaziweka juu ya hapo, ndipo dereva mwenzangu anarudi kwenye haibridi, na simlaumu.

Juzi juzi London nayo imeondoa msamaha wa tozo ya msongamano, ile ya kuingia na gari katikati ya jiji. Tangu tarehe 2 Januari 2026 ni pauni 18 kwa siku, gari la umeme 13.50 ukijiandikisha kulipa moja kwa moja.

Kwa hiyo dada, kabla ya kuangalia gari, angalia utachajia wapi. Jibu lote limo humo. Halmashauri kadhaa sasa zinaruhusu mfereji mwembamba wa kupitisha waya kwenye njia ya waenda kwa miguu, kutoka nyumbani hadi ukingo wa barabara, na unafunikwa mtu asijikwae. Waya usiutandaze juu ya njia hivi hivi, akianguka mtu ni kesi yako. Ukipata mfereji, unachaji kwa bei ya usiku kama jirani. Mwenye nyumba akubali kwa maandishi.

Kutoka: Dada, Reading. Alhamisi

Nimewasoma wote, na mjomba, pole sana kwa asubuhi ile.

Jana nilipotoka zamu nilipima kwa futi kamba: kutoka dirisha la sebuleni hadi ukingo wa barabara ni mita 3 na kidogo, na mbele ya mlango hakuna mti wala nguzo. Mwenye nyumba nimemwandikia, amejibu hana pingamizi mradi gharama si yake. Barua ya halmashauri naipeleka kesho. Wakikubali nanunua la umeme. Wakikataa natengeneza hili la petroli lipite MOT, nisubiri mwaka mmoja, kwa sababu pauni 2,143 za chaja za barabarani sina.

Kaka, huko Croydon umesikia mtu aliyepata ruhusa ya mfereji, na alisubiri muda gani? Na nafasi ya maegesho mbele ya nyumba si yangu: jirani akiegesha hapo usiku nafanyaje?