Wayahudi wanawezaje kutoka kwenye kilio wakaingia kwenye sherehe jioni ileile?

Mtafakari: Wakuu habari za muda huu. Israel wana Yom HaZikaron, siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani na raia waliouawa na magaidi. King'ora kinalia saa mbili usiku dakika moja, kesho yake saa tano asubuhi kinalia tena dakika mbili, magari yanasimama katikati ya barabara kuu, watu wanashuka wanasimama kimya. Halafu jua likizama tu inaanza sikukuu ya uhuru, fataki na ngoma. Sasa mama aliyeshinda makaburini anawezaje?? Mimi nilifiwa na kaka yangu, mpaka leo tarehe ile nikisikia mtu anacheka kwa sauti naumia. Naomba tafakari ya kiroho, siasa tuziache.

BintiZaburi: Pole sana ndugu yangu. Kwanza ujue hata huko wapo wafiwa wanaosema kugeuka ghafla hivyo kunawashinda, kwa hiyo usijione una imani haba. Mimi huwa naangalia zaidi Tisha B'Av, tarehe 9 ya mwezi wa Av kwenye kalenda ya Kiyahudi, wanapolilia Hekalu la kwanza na la pili, hili la pili Warumi walilichoma mwaka 70. Wanafunga tangu machweo mpaka usiku unaingia siku inayofuata, hawavai viatu vya ngozi, usiku wanakaa chini sakafuni taa zimepunguzwa wanasoma Maombolezo. Ila mchana jua likishapita utosini wananyanyuka wanakaa kwenye viti vya kawaida, na mfungo bado unaendelea! Yaani hakuna aliyewaambia wameshapona, wamenyanyuka tu. Hapo ndipo mimi napata nguvu.

Mzee wa Vitabu: Binti kasema vizuri, ila mwanangu Mtafakari usidhani furaha yao haina machozi ndani. Usiku wa Pasaka wakitaja yale mapigo 10 ya Misri wanachovya kidole kwenye divai na kudondosha tone kwa kila pigo, na maelezo wanayopeana wengi ni kwamba kikombe hakiwezi kujaa wakati kuna watu waliteseka, hata kama walikuwa maadui. Halafu kuna sala ya Yizkor ya kuwataja marehemu, inasaliwa Yom Kippur (siku yao ya toba) na pia mwishoni mwa Pasaka, siku ya Shavuot (Sikukuu ya Majuma) na Shemini Atzeret (siku inayofuata Sikukuu ya Vibanda), zote hizo tatu ni sikukuu za furaha. Kwa hiyo marehemu anatajwa palepale kwenye sikukuu.

Mtafakari: Asanteni sana, hiyo ya kunyanyuka mchana imenigusa kweli. Mzee, kwenye Yizkor wanamtaja kwa jina kabisa?

Mzee wa Vitabu: Ndiyo, kila mtu anataja jina la marehemu wake, na anaahidi kutoa sadaka kwa ajili yake. Hata wewe tarehe ya kaka ikifika mtaje kwa jina, umsaidie mtu mwenye shida kwa niaba yake.