Huyu aliyempa kapiteni wetu simu ashike jukwaani, nani alimfunza adabu?

mwana_Katuba

Bana Lushi, watu wangu wa Lubumbashi, jambo. Sijalala, na kwa hali hii silali. Mnamjua. Jina lake silitaji hapa, sina haja, nyote mnamjua. Ni yule ambaye msafara wake unapiga king'ora hata akienda kunyoa ndevu. Yule aliyegawa jezi wakati wa kampeni, uso wake kifuani, uso wake mgongoni, mpaka leo watoto wakicheza pale mtaani Katuba unaona yeye 22 wanakimbizana uwanjani na mwamuzi pia ni yeye.

Ndiye waliyemweka akabidhi tuzo usiku huu kule Kinshasa. Tuzo ya kitaifa ya wanamichezo, ile ya uongozi na huduma kwa jamii. Hapo hawahesabu mabao wala medali. Wanaangalia umefanya nini kwa watu ukishavua viatu vya mchezo. Na mshindi ni kapiteni wetu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jina limesomwa. Kapiteni amesimama, amevaa kikwembe cha kijani alichoshonewa na mama za wachezaji, anapanda ngazi. Huku kwetu watoto wote wa ekipe, timu yetu ya mpira, wamejazana sebuleni kwa jirani mwenye jenereta, wanaruka mpaka kabati linatikisika na sahani zinalia. Kombe liko mikononi mwa muheshimiwa. Kapiteni amefika. Amenyoosha mikono miwili, vile tulivyofunzwa kupokea kitu cha mkubwa. Yule mtu akatia mkono mfukoni, akatoa simu yake, akaiweka katika ile mikono.

"Mama, nishikie kidogo."

NISHIKIE KIDOGO!

Halafu akamgeuzia mgongo. Akawatazama wapiga picha, akaliinua kombe juu, akalibusu, akaliinua tena. Kapiteni nyuma yake amesimama kama bibi arusi aliyeambiwa ashike mwavuli wa mpiga picha. Na ile simu, Mungu wangu, ile simu IKALIA. Rumba ukumbi mzima. Kapiteni hajui akate au apokee. Muheshimiwa hakugeuka hata shingo.

Tena ametumia Kiswahili! Mtoto wa hapa hapa, kinywa kile kile kilichokuja kwetu kuomba kura, "mama zangu, dada zangu". Leo mama ni wa kushika simu.

Hotuba yake hata siisemi. Mtoto aliyezaliwa alipoanza angekwisha maliza shule ya msingi kabla hajasema "na kwa kumalizia". Yeye na michezo, yeye na vijana, yeye na amani. Kapiteni alipewa dakika ngapi? Alipewa simu.

Mnaojua kazi ya huyu mwanamke mnajua. Nyavu za magoli yetu amezishona mwenyewe kwa magunia ya vitunguu, ukipita unaona bado maandishi mekundu ya gunia. Mtoto akifukuzwa shuleni kwa sababu ya minerval, ada ya shule, yeye ndiye anakwenda kukaa mlangoni kwa mkuu wa shule tangu asubuhi mpaka wamrudishe darasani. Kipindupindu kilipopiga alizunguka na wachezaji wake nyumba kwa nyumba kufundisha watu kutia dawa kwenye maji. Nauli ya ndege kwenda Kinshasa tulichanga mtaani, mpaka mama wa makala akatoa.

Ili akashike simu.

Watoto walinyamaza. Mdogo mmoja, winga wetu wa kushoto, aliniuliza: "Kombe atampa saa ngapi?" Semeni nyinyi, ningemjibu nini?

---

Kunguru_Mweusi

Nimeona na mimi!! Nilidhani ni mchezo wa kuchekesha, nikangoja wacheke. Kumbe njo vile.

---

mama_wa_Kenya

Yaya, pole sana. Mimi kilichoniua ni ile mikono miwili. Alikuwa amekwisha inyoosha.

---

Lupopo_mpaka_kufa

Swali muhimu: ilikuwa simu gani? Maana kwa sauti ile ya rumba, ile si simu ya dola mia.

---

mwana_Katuba

@Lupopo_mpaka_kufa ndugu, mwanamke wa watu amedhalilishwa mbele ya taifa zima na wewe unauliza simu gani? Nimesema kombe lilibusiwa na mtu ambaye hata mpira hajui una vipande vingapi. Amepewa simu. Ikalia. Mkononi mwake!

---

Lupopo_mpaka_kufa

Nimeelewa. Lakini ilikuwa gani?

---

Papa_Rwashi

Watoto wangu, ngoja mzee aseme. Mtu wa kwetu aliyeonyesha tuzo hizi ni za nini ni marehemu Dikembe Mutombo, yule wa mpira wa kikapu. Mama yake alifariki 1997, vita imefunga barabara, hawakuweza kumfikisha hospitali. Akaenda akajenga hospitali Kinshasa, akaipa jina la mama, Biamba Marie Mutombo, ikafunguliwa 2007. Mamilioni ya dola yametoka mfukoni mwake mwenyewe. Wamarekani katika NBA wakampa tuzo yao ya uraia mwema mara mbili, 2001 na 2009. Hiyo ndiyo huduma kwa jamii. Aliyekabidhi hakusimama mbele yake kubusu kombe. Na angejaribu, Mutombo alikuwa na mita 2 na sentimita 18, wapiga picha wangemwona nani?

---

mwana_Katuba

Papa, aksanti. Umesema. Mutombo angepewa simu ashike? Angethubutu?

---

Kunguru_Mweusi

Mutombo angeichukua ile simu, akaipiga bloku mpaka mstari wa tano wa viti. Na kile kidole chake cha kukataza baada ya bloku: no, no, no.

---

Bel_Air_mtulivu

Wewe mwana_Katuba unalia sana. Diploma si amepewa? Bahasha si amepewa? Simu kashika dakika moja. Mimi bosi wangu nimemshikia mwavuli miaka na miaka na sijafungua uzi.

---

mama_wa_Kenya

@Bel_Air_mtulivu ndiyo maana mpaka leo unashika mwavuli, baba.

---

mwana_Katuba

@Bel_Air_mtulivu bahasha sijaiona mimi. Diploma ndiyo, na jina wamelikosea, wameandika la kiume. Na kombe, mnataka kujua kombe liko wapi? Aliposhuka jukwaani alimpa msaidizi wake, msaidizi akatoka nalo kwa mlango wa nyuma. Televisheni imeonyesha! Kapiteni akarudi kitini na karatasi. Simu alikuja kuichukua mlinzi. Hata asante hakusema, wala muheshimiwa, wala mlinzi.

---

Kunguru_Mweusi

Kombe lile utaliona kwenye mabango ya kampeni ijayo. Uso wake, kombe, na maandishi: "Nimeshinda kwa ajili yenu."

---

Lupopo_mpaka_kufa

Tuseme ukweli sasa. Angekuwa kapiteni wa Mazembe, angepewa kombe, gari na nyumba. Mji huu una ekipe moja tu machoni mwa wakubwa. Sisi wa Lupopo, cheminots, watu wa reli, tangu zamani tunashikishwa simu.

---

Kunguru_Mweusi

Nilijua utakuja tu. Ligi ya Mabingwa ya Afrika sisi Mazembe tumechukua mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Desemba 2010 tulikuwa Abu Dhabi tukawatoa Internacional wa Brazil 2-0, fainali ya dunia ya vilabu na Inter Milan, kipa wetu Kidiaba anaruka kwa makalio dunia nzima inatazama. Na 2024 wanawake wetu wakachukua lao la Afrika kule Morocco. Nyinyi mna nini? Njano na buluu.

---

Lupopo_mpaka_kufa

Fainali mlifungwa 3. Umesahau kuandika.

---

Kunguru_Mweusi

Mlifungwa ngapi nyinyi kwenye fainali ya dunia? Ahaa.

---

mwana_Katuba

Jamani, huyu mtu AMELIBUSU KOMBE. Si lake! Mara mbili! Mimi naona hamjaelewa. Mwanamke amenyoosha mikono miwili...

---

Mtoto_wa_Kadutu

Poleni ndugu zetu wa Lubumbashi, lakini nyinyi angalau mmeitwa ukumbini. Sisi Bukavu tuseme nini? Popole Misenga ni mtoto wa kwetu, vita ilimkimbiza akiwa mdogo, judo akajifunzia Kinshasa. Mwaka 2013 alikwenda Rio kwa mashindano ya dunia, akaona mateso aliyofanyiwa yanatosha, akabaki kule na Yolande Mabika. Mwaka 2016 wote wawili wakaingia Olimpiki na ekipe ya wakimbizi. Pigano la kwanza Popole akashinda, uwanja mzima wa Brazil unamshangilia. Bendera ya nani? Si yetu! Akampa dunia somo la uvumilivu, na tuzo za kitaifa zimemkumbuka lini? Nyinyi mnalilia kombe lililochukuliwa, sisi mchezaji mwenyewe tumempoteza.

---

mama_wa_Kenya

Hii imeniuma kuliko ya simu.

---

mwana_Katuba

Mama, zote zinauma, mimi sikatai ya Popole, ni aibu ya nchi nzima. Lakini ya simu ni ya LEO. Damu bado ni mbichi.

---

Mswahili_wa_Kigoma

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya ziwa. Samatta wetu alipokuwa hapo kwenu Mazembe alichukua tuzo ya mchezaji bora wa ndani ya Afrika ya mwaka 2015, akakabidhiwa Abuja Januari 2016, akarudi nalo kombe lake mwenyewe mikononi. Kwa hiyo inawezekana.

---

Kunguru_Mweusi

Samatta ni wetu.

---

Mswahili_wa_Kigoma

Samatta ni wa Tanzania, kaka.

---

Kunguru_Mweusi

Nani alimpa jukwaa? Na kabla yake Trésor Mputu alichukua ile ile ya 2009. Tuzo hiyo iko na kitanda chake Kamalondo, uwanjani kwetu.

---

Lupopo_mpaka_kufa

Haya, wameanza tena.

---

fundi_Ruashi

Mimi nina la maana zaidi. Mnazungumza tuzo, mnajua uwanja wetu huku umekatwa viwanja vya nyumba? Mawe ya mipaka yamepandwa mpaka ndani ya eneo la penalti. Watoto wanapiga kona, mpira unaingia kwenye msingi wa nyumba ya mtu, anatoka na rungu. Mtu mwenyewe aliyeuza mnamjua pia.

---

Papa_Rwashi

Huyo ninamjua. Aliuza na njia ya kwenda makaburini.

---

fundi_Ruashi

Njo yeye!

---

mama_wa_Kenya

Kwetu mtaani Kenya walianza na choo cha soko. Tuliamka, choo kina hati ya mtu.

---

Bel_Air_mtulivu

Hapo sasa mnasema jambo. Viwanja, nakubali. Mimi kipande changu nimeuziwa na watu watatu tofauti, wote na karatasi, wote na muhuri.

---

mwana_Katuba

Bel_Air, wewe wa mwavuli, la kiwanja umelielewa haraka na la kapiteni hukulielewa? Kesho anarudi na ndege ya mchana. Tunakwenda uwanja wa ndege wa Luano kumpokea, watoto wote, na jezi. Anayetaka kuja aje. Tusimwache ashuke peke yake na ile karatasi yenye jina la mwanaume.

---

mama_wa_Kenya

Nakuja. Naleta munkoyo, kinywaji chetu, kwa watoto.

---

Papa_Rwashi

Nami nitafika, mguu ukikubali.

---

Lupopo_mpaka_kufa

Nakuja na mimi, lakini na jezi ya njano.

---

Kunguru_Mweusi

Basi mimi siji.

---

Lupopo_mpaka_kufa

Afadhali.

---

fundi_Ruashi

Kwenda Luano taksi-bisi wanalipisha ngapi siku hizi? Juzi dereva aliniambia bei, nikadhani ananiuzia gari.

---

Bel_Air_mtulivu

Usipande asubuhi. Asubuhi wanakata njia vipande viwili, unalipa mara mbili. Ukifika nusu ya njia wanasema "tumefika, wote nje".

---

mama_wa_Kenya

Na ule mtindo wao wa kukaza watu! Watano kwenye kiti cha watatu. Mtoto wa mtu nimempakata mpaka mjini, mama yake simjui, tuliposhuka mtoto akanililia mimi.

---

fundi_Ruashi

Hahaha! Ulimrudisha?

---

mama_wa_Kenya

Nilimrudisha, alikuwa mzito.

---

Mswahili_wa_Kigoma

Huku kwetu hivyo hivyo. Konda anasema "sogeeni", tunasogea wapi, dirishani?

---

mwana_Katuba

Turudi kwenye mada. Nimeandika barua ya kudai kombe, nani ana anwani ya walioandaa tuzo?

---

Kunguru_Mweusi

Kwetu umeme umekatika sasa hivi. Kuna mwenye umeme upande wa Kampemba?

---

Lupopo_mpaka_kufa

Hakuna. Tangu saa mbili.

---

Bel_Air_mtulivu

Kwetu upo ila hafifu, balbu inaona haya kuwaka.

---

fundi_Ruashi

Mwenye jenereta la kuuza aniandikie pembeni. Lisilo la moshi, jirani yangu ni mkali.

---

Lupopo_mpaka_kufa

Ninalo moja, la petroli, limetumika kidogo. Naliachia bei nzuri, isipokuwa kwa mtu wa Mazembe.