Msaada: tiketi ya ndege ndani ya saa 36, mzazi yuko mahututi nchi nyingine

Kipepeo_K
Wakuu, mzazi amelazwa nchi nyingine, hali si nzuri, na ndugu wawili wanatakiwa waondoke ndani ya saa 36. Pasipoti ya mmoja imebakiza miezi minne. Kuna tiketi nafuu mtandaoni, ila ni mbili tofauti, na muda wa kubadilisha ndege katikati ni saa moja na dakika ishirini. Tarehe ya kurudi hatuijui. Tuanzie wapi? Na hizo nauli za msiba na ugonjwa zipo kweli?

Mlango_wa_14
Poleni kwa kuuguliwa. Kabla ya tiketi, malizaneni na pasipoti. Nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita mbele. Nchi za Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) zinataka miezi mitatu kuanzia siku utakayotoka kwao, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Miezi minne inaweza kukupitisha sehemu moja na kukukwamisha nyingine. Na anayekukwamisha mara nyingi si uhamiaji wa huko, ni mtu wa kaunta mnakoondokea. Anaangalia mfumo wa masharti ya pasipoti na viza uitwao Timatic. Mfumo ukikataa, hakupi kadi ya kupandia, maana abiria akirudishwa hasara ni ya shirika. Wapigieni sasa hivi, watajieni uraia, nchi mnayokwenda na kila kituo cha katikati.

Hizo tiketi mbili achaneni nazo. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina habari na nyinyi: mmehesabiwa hamkutokea, tiketi imekufa. Mzigo nao kwa kawaida hauendi moja kwa moja. Mnatoka nje kuufuata na kupanga foleni upya, na huko kutoka nje ndiko kunakoweza kudai viza ya nchi ambayo hamkukusudia kuikanyaga. Kwa saa moja na dakika ishirini hamtoboi. Chukueni safari yote kwenye namba moja ya uhifadhi. Mkiachwa kwa kosa lao, kuwatafutia ndege nyingine ni kazi yao.

Ratiba_Tu
Nauli za msiba zipo, ila kwa mashirika machache, Delta na Air Canada wakiwemo. Unapiga simu, unaulizwa jina la mgonjwa, uhusiano wenu na hospitali aliyolazwa. Linganisha kwanza: wakati mwingine ni ghali kuliko bei ya mtandaoni, faida yake ni urahisi wa kubadili tarehe. Na omba KABLA ya kusafiri. Mwaka 2024 baraza moja la usuluhishi huko British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria fidia, kwa sababu programu yao ya kujibu maswali ilimwambia anaweza kuomba punguzo baadaye, wakati masharti yao hayaruhusu. Alilipwa, lakini baada ya kesi.

Kateni ya kwenda na kurudi inayobadilika, maana nchi nyingi huuliza tiketi ya kurudi. "Hakuna ada ya kubadili" haina maana ni bure. Tofauti ya nauli mtailipa. Msipopanda kipande cha kwanza, vilivyobaki kwa kawaida vinafutwa vyote. Na ile sheria ya Marekani ya kughairi ndani ya saa 24 na kurudishiwa hela isiwadanganye, inahusu tiketi iliyokatwa siku 7 au zaidi kabla ya safari.

Kipepeo_K
Asanteni. Shirika limesema pasipoti inakubalika. Ndege imeandikwa 00:40 tarehe 17. Shemeji ndiye anayelipa kwa kadi yake, na yeye hasafiri.

Mlango_wa_14
Hiyo ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 17. Muwe kaunta tarehe 16 saa tatu usiku. Kosa hili ni la kila siku: watu wanafika jioni ya tarehe 17, ndege ilishaondoka usiku uliotangulia.

Kadi ya mtu asiyesafiri: mashirika mengine yanataka kuiona kadi yenyewe kaunta. Ulizeni kabla ya kulipa. Ikiwa hivyo, shemeji alipie kwenye ofisi ya shirika aliko. Akilipa mtandaoni asiiache simu mbali, namba ya uthibitisho inaisha muda haraka.

Majina msiandike kwa mazoea. Tazameni mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha: baada ya herufi tatu za nchi linakuja jina la ukoo, kisha alama <<, kisha majina mengine. Fuateni mpangilio huo.

Sanduku_Dogo
Barua ya hospitali iwe na nembo, jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, wodi, daktari, simu na muhuri. Ambatanisheni cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha jina la mzazi. Ikiwa kati yenu yupo dada anayetumia jina la mume, na cha ndoa pia. Bima mkikata leo, kwa kawaida haitalipa chochote kinachotokana na ugonjwa ambao mnaujua tayari. Mizigo iwe begi la mkononi tu, dawa na chaja humo humo, chupa za maji maji zisizidi mililita 100 kila moja.