Tupeane uzoefu: Uliwahi kwenda wikendi ya skii na watu walioanza kuteleza kabla hawajajua kusoma?

Mmarangu wa Munich

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa sisi tuliotupwa huku kwenye baridi, Ulaya, Marekani, Kanada, na hata nyie wa Dubai wenye theluji ya ndani ya mall. Siku moja watu wa kazini au wakwe wanakwambia "wikendi tunaenda milimani, twende wote" na wewe unaitikia kwa heshima tu, hujui unachokiitikia, kumbe ni kuteleza kwenye theluji na skii, vile vibao virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni. Naanza mimi.

Kazini kwetu mwezi wa pili huwa wanaenda Garmisch-Partenkirchen, pale palipofanyika olimpiki ya baridi ya 1936, kwa treni kutoka Munich ni kama saa moja na nusu hivi. Wenzangu wote mapro. Sasa walivyosikia natoka Marangu ndo nikaisha kabisa, "ooh wewe mtu wa Kilimanjaro, theluji umeizoea". Jamani! Theluji iko huko juu Kibo, sisi tuko chini kwenye migomba, asubuhi mawingu yakifunguka tunaiangalia, yakifunga tunaendelea na shughuli zetu, hakuna babu yangu aliyewahi kwenda kuitelezea.

Kasheshe ilianzia duka la kukodi vifaa, hata mlimani hatujafika. Kuna fomu unajaza urefu, uzito, umri na kiwango chako. Jamaa yangu mmoja akanijazia fasta ili tuwahi, kwenye kiwango akatiki "mzoefu", eti nikiandika mgeni watanipa skii za kitoto. Pona yangu kijana wa duka aliniona navyohangaika kuingiza mguu kwenye lile buti, maana yale mabuti ni kama umefungwa plasta miguu yote miwili, akaniuliza mimi mwenyewe, bro umewahi kuteleza? Nikasema sijawahi hata siku moja. Akafuta ile tiki, akachukua bisibisi akaanza kulegeza vifungo vya skii moja moja huku ananielewesha: kile kifungo kinakazwa kulingana na uzito, umri, saizi ya buti na kiwango chako, na kazi yake ni kuliachia buti ukianguka vibaya. Kikikazwa kama cha pro halafu wewe ni mgeni, unaanguka polepole, skii inagoma kutoka, kinachozunguka ni goti. Yule kijana sijui hata jina lake ila namwombea maisha marefu.

Kule juu sasa. Wakanifundisha dakika chache, ncha za mbele zikaribiane, nyuma utanue, ndo breki yako hiyo, wanaiita pizza. Basi, wakasema tunakusubiri pale kwenye kona. Na kusubiri walisubiri kweli, siwasingizii, ila hebu angalieni hesabu yenyewe: wao wanafika kwenye kona wanasimama, wanapiga stori, wanakunywa maji, mimi nafika nahema, nimeshaanguka njiani, na nikifika tu wanasema "haya umefika, twende". Kila kona hivyo hivyo. Yaani anayehitaji kupumzika ndiye pekee ambaye hakupumzika siku nzima. Wala hawana roho mbaya, ni watu poa sana, ila mtu aliyeanza akiwa na miaka mitatu hakumbuki kabisa kwamba kusimama ni kitu cha kujifunza.

Jioni ngazi za hoteli nilishuka kinyumenyume. Nyie yenu yalikuwaje?

Mwananchi wa Minnesota

Hapo kwa kusubiriwa umenimaliza 😂😂

Mimi ni Mkenya niko Minnesota, na huku Wakenya tumejaa. Boys wa kazi walinipeleka Buck Hill hapa Burnsville, penye Lindsey Vonn, yule bingwa wa skii wa Marekani, alianzia akiwa mtoto. Ukikiona hicho kilima kutoka kwa highway unasema aah, hii ni nini, Ngong inakicheka hiki. Ngoja uwe juu sasa.

Shida yangu haikuwa kuteremka, ilikuwa ile lifti ya viti. Hakuna mtu alinishow vile mtu hushuka! Kupanda ni rahisi, kiti kinakuja kinakubeba na matako, mnaenda mkiongea. Ikikaribia juu boy yangu ananiambia simama tu. Kumbe kile kiti hakisimami, unashuka kikiwa kinaenda, inuka, ncha za skii juu, acha kikusukume, na uhame pale mbio juu wengine wanakuja nyuma. Yeye akakata kushoto, mimi sijui kukata, nikaenda moja kwa moja nikamkumbatia mama mmoja alikuwa anafunga buti yake, tukaenda chini wote wawili. Yule msee wa lifti akazima mashine yote, watu wakabaki wananing'inia huko nyuma kwa baridi wakiniangalia. Boy yangu naye anacheka mpaka anakaa chini. Mama wa watu hakukasirika, aliniuliza kama niko sawa.

Sisi Wakenya lakini tuna Philip Boit, msitusahau. Alikuwa mkimbiaji, akaenda olimpiki ya baridi ya Nagano, Japan, 1998 kwa zile skii za masafa, kilomita 10, akawa wa mwisho kabisa, kama dakika 20 nyuma ya mshindi. Na mshindi mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwa finish mpaka akafika akamkumbatia. Boit akaita mtoto wake Dæhlie. Hao ndio mapro wa kwenda nao.

Kijana wa Mbagala

Yaani mnalipa hela ili muanguke?? Mimi huku naanguka bure mvua ikinyesha.

Mmarangu wa Munich

😂 Kijana tulia. @Mwananchi ngoja nikuulize, huko walikupandisha njia ya rangi gani? Maana huku bluu ndo rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya wenyewe.

Mwananchi wa Minnesota

Ah hapana, huku rahisi ni kijani, duara. Bluu ni mraba, hiyo ni ya kati. Nyeusi ni almasi, na kuna almasi mbili, hiyo hata usiulize. So mtu akitoka kwenu akuje huku aseme "mimi ni wa bluu" atajipata pahali pabaya. Na hizo rangi kila mlima unajipangia wenyewe, kijani ya mlima mkubwa inaweza kukutoa jasho kuliko bluu ya kilima kama hiki chetu.

Mzanzibari wa Deira

Assalam aleikum. Mie yangu ni ya Ski Dubai, ile ya ndani ya Mall of the Emirates, iko tangu 2005. Nje joto la kukaanga yai, ndani chini ya sifuri, koti na suruali wanakupa wenyewe. Mteremko mrefu kabisa ni mita 400, kwa hiyo usifikirie Alps.

Nilikwenda na wenzangu wa ofisini, Walebanoni, wale kwao milima ya theluji ipo, wanajua hasa. Wakataka nipande nao mpaka juu, "yalla utajifunza ukishuka". Tumefika pale kwenye lifti mfanyakazi akanitaka nioneshe nasimama vipi na nageuka vipi. Nikaonesha, nikaenda kukaa kitako mbele yake. Akasema bwana huyu hapandi. Wenzangu wakamshika kwa maneno, mara yuko na sisi, mara tutamwangalia, mara sisi wazoefu. Kijana kakataa katakata, tena kwa adabu, kanisogeza kule kwa watoto na mwalimu. Wenzangu walinuna kidogo, mie rohoni nasema alhamdulillahi. Baada ya somo nikapanda hadi kituo cha kati nikashuka mwenyewe kwa miguu yangu, polepole, hakuna aliyenipigia kelele.

Huko kwenye milima ya kweli skwambii, naona hakuna wa kukuzuia. Unajipandia tu.

Mama Furaha, Oslo

Mleta mada nakuelewa lakini nipinge kidogo. Mimi mtu wa Bukavu, nimeolewa na Mnorway, na walionifundisha ni hao hao mapro.

Huku Pasaka wanaenda kwenye kibanda cha mlimani, machungwa na chokoleti ndani ya begi, skii zile nyembamba za masafa, kisigino kiko huru. Mimi nilikuwa na hofu wiki nzima. Baba mkwe, mzee wa zaidi ya miaka sabini, asubuhi ya kwanza alininyang'anya fimbo, zile za kujisukumia mkononi. Akasema fimbo baadaye, kwanza ujue miguu. Tukakaa pale pale mbele ya mlango, tambarare kabisa, ananifundisha kuanguka. Kuanguka kwa upande, kukaa, skii zote ziangalie kando ya mteremko, magoti, kuinuka. Tena. Tena. Shemeji zangu wakapita wanaenda zao kilomita nyingi, yeye hata hakuwaangalia. Mchana ndiyo akanipa fimbo moja. MOJA. Kesho yake tulikwenda njia fupi, yeye nyuma yangu, hakunitangulia hata mara moja.

Mzee huyo amefundisha watoto wake wote na wajukuu. Kwa hiyo tatizo siyo upro wake, uliza amewahi kufundisha nani. Shemeji yangu mdogo ni fundi kuliko baba yake, ila ukimwuliza anafanyaje anasema "unateleza tu".

Kuteremka na zile nyembamba ningali naogopa lakini, hazina makali ya chuma pembeni, breki yake ni maombi.

Nesi wa Calgary

Mama Furaha baba mkwe wako ni dhahabu mtunze.

Mimi marafiki waliniambia usilipe mwalimu, tutakufundisha sisi bure. Nikawaambia asanteni, asubuhi naenda darasani, tukutane lunch. Walinicheka wee. Darasani nilikuwa na watoto wadogo ambao wakianguka wanasimama kabla sijamaliza kuwaonea huruma, na tunapanda kwa lile zulia linalotembea, hakuna kiti cha kukurusha. Mchana nikawa naweza kusimama na kugeuka pande zote mbili. Baadaye mmoja wao alishuka kuteleza na mimi kwenye kijani na akaniambia ukweli kwamba na yeye zile nyeusi zinamtesa, alikuwa anaona aibu kuwaambia wenzake! Tukabaki wote kwenye kijani hadi lifti zinafungwa.

Kwa kazi yangu nawaambia vitu viwili vitatu. Vidole gumba: ukianguka umeing'ang'ania fimbo gumba linavutwa kwa nje na ile kano inachanika, tunawaona sana hao, achia fimbo. Jinzi usivae, inalowa na haikauki. Sanskrini paka hata sisi weusi, na miwani vaa, jua la theluji linakupiga juu na chini, macho yanaungua usiku unahisi yana mchanga.

Mmarangu wa Munich

Naongezea bima kwa wa huku. Austria ukivunjika mlimani na helikopta ikaja, bima ya kawaida ya matibabu mara nyingi hailipi hiyo helikopta, inalipa hospitali. Ulizeni kabla.

Mgeni wa Innsbruck

Wakuu mimi mwanafunzi, nimefika Innsbruck mwezi wa tisa, wenzangu wa bweni wameshanialika. Ninunue nini? Hela ni ya mawazo.

Nesi wa Calgary

Usinunue skii wala buti, kodi. Helmeti kodi. Suruali na koti azima kwa hao hao wa bweni, watakuwa nazo mbili mbili. Nunua glavu za kuzuia maji na soksi moja ndefu nyembamba, moja tu kwa mguu, ukivaa mbili buti litakubana na vidole vitakufa ganzi. Hela iliyobaki mpe mwalimu.

Mwananchi wa Minnesota

Na uulize vile watu hushuka kwa lifti kabla upande.